Nilivyokwenda Temeke Kumpima Shemeji Mika

Nilikwenda Dar es Salaam kumtazama mtu akikasirika. Wengine huenda mjini kutafuta kazi, wengine kununua nguo za sikukuu, wengine kuiona bahari tu ili wapate la kusimulia wakirudi. Mimi nilikwenda kumchokoza shemeji yangu, tena kwa ridhaa ya ukoo mzima.

Shemeji huyo anaitwa Mika, mume wa dada yangu Raheli. Wakati huo Waingereza walikuwa bado wanatawala, naye alikuwa fundi wa kujenga nyumba za udongo huko Temeke, pembeni mwa mji. Kwa kusimamisha boriti watu walimsifu sana. Kwa hasira hawakumsifu. Kitu kidogo tu, chumvi imezidi au mtu amechelewa kuitika, basi anavunja. Alivunja vyungu, alivunja viti alivyovitengeneza mwenyewe, na siku ya mwisho alipiga teke chungu cha maharage kikiwa motoni, yale maji yakamwagikia dada yangu mguuni. Raheli hakulia mbele yake. Aliufunga mguu kwa kipande cha kanga, akapanda gari la moshi, akarudi kwetu milimani, juu ya Kilosa. Tangu hapo akawa analima shamba la mama na kuimba kwaya kama msichana ambaye hajaolewa, ila usoni hakuwa msichana tena.

Mwaka uliofuata, mtu wa kwetu aliyekuwa akifanya kazi bandarini alirudi likizo na salamu. Alisema Mika ameokoka. Alisema kwa neema ya Mungu Mika si mtu yule tuliyemjua, na kwamba anaomba mkewe arudi. Baba mkubwa, ambaye ndiye msemaji wetu tangu baba alipofariki, alikohoa kwanza. Akasema neema ni jambo jema sana, lakini yeye hajawahi kuona neema ikizuia teke. Mama akainama akaanza kuomba kimoyomoyo. Sote tukamtazama Raheli, na Raheli akanitazama mimi.

"Kaka, nenda wewe," alisema. "Kaa naye siku za kutosha. Lakini usiniletee maneno ya kanisani. Niletee ulichokiona."

Nilijua kwa nini alinichagua. Kwetu, ndugu wa mke na mume ni watani. Mimi naweza kumwita Mika mwizi, mvivu, nyani, naweza kumpaka matope usoni mbele za watu, naye hana ruhusa ya kununa. Akinuna anatozwa. Na kwa utani mimi sijambo. Kazi yangu ni ushonaji, na wateja wangu husema mdomo wangu unakwenda mbio kuliko cherehani. Kama ilikuwapo hasira iliyobakia ndani ya Mika, hakuna aliyefaa kuitoa kuliko mimi.

Kilosa nilifika asubuhi, miguu imelowa umande wa mlimani, kikapu begani na jogoo wa zawadi ndani ya kikapu. Daraja la tatu la gari la moshi lilikuwa limejaa. Nilipata nafasi kwenye benchi la mbao, nikabanana na mzee mmoja aliyetoka Dodoma na gunia lake la karanga.

"Safari ya wapi, bwana?" aliniuliza.

"Mjini, mzee. Kumwona shemeji yangu."

"Mgonjwa?"

"Wanasema amepona. Ndiyo nakwenda kuhakikisha."

Mzee akatikisa kichwa kwa huruma, akanipa karanga. 

Tulipita Kimamba, mkonge kila upande, mistari imenyooka mpaka macho yanachoka. Morogoro wanawake walitukimbilia madirishani na ndizi na mayai ya kuchemsha, na nyuma yao milima ya Uluguru ilikuwa imejifunika mawingu. Kutoka Ngerengere joto likaanza. Ruvu maji yalikuwa mengi, rangi ya chai ya maziwa, na abiria wote tulisogea upande mmoja kuyatazama mpaka mkata tiketi akatugombeza. Mambo ya safari ni hayo. Lakini kila gari liliposimama nilikumbuka nilichotumwa, na moyo ukawa mzito.

Huwa nakaa benchi la nyuma kanisani, na sijawahi kujidai kuwa mtu wa sala nyingi. Hata hivyo siku ile niliomba. Niliyaogopa majibu yote mawili. Nikimkuta Mika ni yule yule, dada yangu ataendelea kuishi katikati, si mke wala si mjane. Nikimkuta amebadilika, itabidi mimi niwe mtu wa kusema hivyo, na kama nitakuwa nimedanganyika, mguu utakaoungua si wangu.

Pugu gari lilipunguza mwendo kwa ajili ya vilima. Hewa ikawa ya ubaridi kidogo, msitu ukaja karibu na madirisha, na watu wakaanza kujitayarisha kuonekana mjini. Mama mmoja alibadilisha kanga. Kijana mmoja alitoa viatu ndani ya mfuko akavivaa kwa taabu. Mzee wa Dodoma aliniuliza kama uso wake una vumbi, nikamwambia ndiyo, akasema hata wangu unalo. Kisha miti ikaachana, minazi ikaanza, na baada ya muda tukawa tumefika.

Stesheni nilimwona Mika, aliyekuwa amepelekewa habari kwamba naja, kabla yeye hajaniona. Alikuwa amepungua mwili, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, anatazama dirisha moja baada ya jingine. Nilisema moyoni, kazi na ianze.

"Jamani!" nikapaza sauti. "Nani kamfungulia nyani huyu, tena akamvika shati?"

Watu waligeuka. Zamani angeumwa na neno hilo mpaka jioni. Sasa alicheka, akaja akanikumbatia na kikapu changu na jogoo wangu.

"Bwana asifiwe, shemeji," alisema. "Nyani alikuwa anasubiri ndizi. Umeleta?"

Tulikwenda kwa miguu kupitia Gerezani na Keko hadi Chang'ombe, yeye amebeba kikapu. Barabara ya lami iliisha, tukaingia kwenye njia za mchanga kati ya minazi na mikorosho. Mika alikuwa akigonga kuta za nyumba tulizozipita, akiniambia hii imejengwa na nani na hii itaanguka masika. Upande mmoja serikali ilikuwa ikijenga kota za saruji, zimepangwa sawasawa kama sabuni dukani. Alizitazama akasema ni nzuri, ila hazipumui. Hakuniuliza habari za Raheli. Nilisubiri aniulize, lakini njia nzima alizungumza juu ya udongo.

Temeke nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili, paa la makuti, ua umefagiliwa. Nyuma yake palisimama mifupa ya chumba kipya: boriti zimesimikwa, fito zimefungwa kwa kamba za makumbi, bado hakijakandikwa. Ndani ya mifupa hiyo alikuwa amejenga jukwaa la udongo, limefika kiunoni, na juu yake mafiga matatu.

"Hiki nini?" nikamuuliza. "Madhabahu?"

"Jiko la Raheli."

"Mbona umelipandisha juu hivyo? Anapikia ndege?"

Aliliwekea mkono lile jukwaa kama mtu anayetuliza mnyama.

"Nimelipandisha ili mguu usifike," alisema.



Jirani yake alikuwa mama wa Kizaramo, Bi Mwajuma, muuza vitumbua, Mwislamu wa kuswali swala zote. Jioni ile alikuja kunitazama, mikono kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndo kakaake Raheli? Mna pua moja."

"Ndiyo mimi. Nimekuja kumsalimia shemeji."

"Kumsalimia," alirudia, akacheka. "Haya. Sie zamani tukisikia chungu kinapasuka humo ndani, tunaingiza watoto, tunafunga na mlango."

"Na siku hizi je?"

"Siku hizi una macho yako, baba. Mie sisemi ya mtu."

Tulipokula, Mika alinieleza mwenyewe. Baada ya Raheli kuondoka aliendelea kuvunja, mpaka akabaki hana cha kuvunja. Kisha akaugua homa kali, peke yake, mlango umefungwa. Bi Mwajuma, ambaye alikuwa amemtukana mara nyingi kwa ajili ya moshi wa vitumbua, aliusukuma mlango, akamnywesha uji siku zote za homa ile. Alipopata nguvu alimuuliza kwa nini. Bi Mwajuma akamkaripia, akamwambia anywe uji aache maswali.

"Sikuwa nimestahili hata maji ya uji ule, shemeji," Mika alisema. "Jumapili nikaenda kanisani, nimeegemea fimbo. Mwalimu akahubiri juu ya neema, kwamba Mungu humpa mtu kitu ambacho hakukistahili, na hampi kwa sababu amekuwa mwema, humpa ili awe. Neno hilo nilikuwa nimelisikia toka utoto. Siku ile nilikuwa bado nina ladha ya uji mdomoni, nikalielewa. Nililia mpaka watu wakadhani homa imerudi."

Nilimsikiliza, nikaguswa, nikasema moyoni: hayo ndiyo maneno ya kanisani niliyokatazwa kuyapeleka.

Jumapili tulikwenda Kinondoni kwa baiskeli, yeye anaendesha, mimi nimekaa nyuma nimening'iniza miguu. Tulipita Kariakoo, tukashuka kuisukuma baiskeli kwenye matope ya Jangwani, tukapita Magomeni, na mbele ya hapo ikawa mashamba: mihogo, minazi, nyumba moja hapa na nyingine kule. Chini ya banda la makuti katikati ya mikorosho walikutana waumini wa bara, makarani, walimu, mafundi, vibarua, na akina mama wenye watoto mgongoni. Waliimba vizuri. Mika alisimama akasema mbele yao kwamba hasira bado inamtembelea na anaomba wamwombee. Wakamwombea, bila kushangaa, kama watu waliozoea kuombeana jambo hilo hilo kila juma. Nami nikasema moyoni, kanisani kila mtu ni mpole. Mwache arudi Temeke.

Basi nikafanya kazi niliyotumwa. Nilimtilia chumvi kwenye chai. Nilimficha kiatu kimoja asubuhi ana haraka. Nilimwambia tajiri mmoja aliyekuja kumpa kazi kwamba fundi huyu nyumba zake huanguka zikipigwa chafya. Mika aliinywa chai ile mpaka mwisho huku akinitazama, kiatu akakitafuta akicheka, naye Mika akamwambia yule tajiri, "Usimsikilize, huyu ni mtani wangu, nisingemlisha angekuwa ameshanyamaza." Alinijibu utani kwa utani, tena wake ulikuwa mkali kuliko wangu.

Ningefurahi, lakini nilianza kuwa na wasiwasi. Mtu anayejua anatazamwa anaweza kujizuia. Na Mika bado hakuwa ameniuliza juu ya dada yangu, hata mara moja. Nilidhani ni kiburi.

Siku ya kukandika majirani walikuja asubuhi, Waislamu kwa Wakristo, kwa kuwa nyumba haikandikwi na mtu mmoja. Wanaume walichimba udongo mwekundu, wakaumwagia maji, wakaukanyaga kwa miguu huku wakiimba. Akina mama walileta maji kwa madebe kutoka kisimani. Bi Mwajuma alisimamia wali na mchuzi wa nazi kwenye mafiga ya uani. Fundi mmoja husimama ndani, mwingine nje, wote wanabandika bonge la udongo mahali pamoja, mabonge yakutane kati ya fito. Mimi nilikuwa nje, Mika ndani, tukionana kupitia matundu. Ilikuwa kazi ya furaha sana. Watu walirushiana matope, wakacheka, na ukuta wa upande mmoja ukakamilika, umelowa, unang'aa.

Nikaona hapa ndipo. Nilipanda juu ya debe tupu nikapiga makofi.

"Ndugu zangu, mnajichosha bure! Jiko hili halina mpishi. Dada yangu Raheli ameshaposwa na mwenye mashine ya kusaga kule Kimamba, mtu mwenye tumbo lake na baiskeli yake. Mimi sikuja kutembea, nimekuja kuchukua vyombo vyake vilivyobaki!"

Kijijini kwetu neno kama hilo lingewavunja watu mbavu, na mume angejibu kwamba basi nimwachie mama yangu badala yake, tukaendelea na kazi. Lakini nilisahau jambo moja, na hata sasa nikilikumbuka nasikia aibu. Kwetu habari nzito hupewa mtani aipeleke. Akifa mtu, mtani ndiye anayekuja kuisema, akiivika mzaha ili imezeke kidogo. Mika alikuwa mtu wa kwetu. Siku zote zile alikuwa ananisubiri niseme jibu la ukoo, anaogopa kuuliza, na sasa mtani wake amepanda juu ya debe mbele za watu. Kwake ule haukuwa utani. Lile ndilo lilikuwa jibu lenyewe.

Kicheko kilikatika. Nilimwona kupitia tundu la fito, uso wake ukabadilika ukawa ule wa zamani. Alitoa sauti ambayo haikuwa neno. Alinyakua debe la maji akalibamiza kwenye ukuta uliolowa, na ukuta ule wote ukaporomoka. Kisha akashika jembe akalipiga jukwaa la jiko, akalipiga tena, mafiga yakaruka, udongo ukatawanyika. Bi Mwajuma aliwavuta wajukuu zake nyuma yake. Mika akatoka nje na jembe mkononi, akanitazama. Niliogopa kweli. Halafu jembe likamtoka mkononi, akageuka, akaingia kwenye mikorosho, akapotea.

Niliingia ndani nikaanza kukunja nguo zangu. Nilikuwa nimepata nilichotumwa, na sikuwa na furaha hata chembe. Nilimpenda Mika. Sikujua mpaka saa ile kwamba nilikuwa nimeshampenda.

Bi Mwajuma alisimama mlangoni, mwiko mkononi.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, mama. Nimeshaona."

"Umeona nusu. Keti."

"Mama, amevunja mpaka jiko alilojenga mwenyewe."

"Amevunja, nami nimemwona. Zamani akishavunja huenda kwenye pombe, akirudi avunje kilichobakia. Mie dini yenu siijui, baba. Lakini toka ameanza kwenda huko kwenu nimemwona akishikwa na ghadhabu mara moja, aligombana na mleta boriti. Alikwenda. Kisha akarudi. Wewe keti tu, utazame anarudi na nini."

Nikaketi. Hata majirani hawakuondoka, maana wali ulikuwa umeiva na hakuna aliyekuwa tayari kuuacha. Walikula wakitazama mikorosho.

Jua lilikuwa limeinama lakini halijazama Mika aliporudi. Macho yalikuwa mekundu, suruali ina mchanga magotini. Alisimama katikati ya ua.

"Mmeacha shughuli zenu mkaja kunisaidia," alisema, "nami nimeivunja kazi yenu mbele ya macho yenu. Naomba mnisamehe."

Hakuishia hapo. Alikwenda kwa kila mmoja, kwa wanaume waliokanyaga udongo, kwa akina mama waliobeba maji, akamwomba radhi kwa jina lake. Kwa Bi Mwajuma aliinama sana, na kwa wale wajukuu waliotishika akachuchumaa, akawaambia Mjomba Mika amefanya vibaya. Kisha akaja kwangu, akachuchumaa na kwangu pia.

"Shemeji, mpelekee Raheli salamu zangu. Mwambie nimesikia, na simlaumu. Nilimuunguza, sina haki ya kumdai chochote. Vyombo vyake nimevitunza, viko chini ya kitanda, vichache vilivyosalia. Nitakusaidia kuvibeba mpaka stesheni."

Nilimshika mkono. 

"Mika, ulikuwa utani."

Hakuelewa.

"Hajaposwa na mtu. Yuko kwa mama. Yeye ndiye aliyenituma nije nikutazame. Nisamehe wewe."

 Kisha akakaa chini kabisa, pale pale kwenye matope, akafunika uso, mabega yakawa yanamtikisika. Nami nikakaa chini karibu naye, nikalia bila kujificha, mtu mzima na ndevu zangu, mbele ya majirani wa Temeke. Bi Mwajuma akatuletea wali sahani moja, akasema tule, utapoa.

Tulipokuwa tukila Mika aliniambia jambo nililolibeba njia nzima.

"Usimwambie dada yako nimepona. Utakuwa umemdanganya. Mwambie natibiwa. Kila asubuhi naamka nikiwa Mika yule yule, namwendea Mungu kama mtu aendaye dispensari, wala hajanifukuza. Leo nimekwenda pale mikoroshoni nikamwambia nimevunja tena, na mke nimempoteza. Nilidhani atanyamaza. Lakini nilisikia kabisa moyoni kwamba nirudi niwaombe watu radhi. Zamani nikivunja nilikuwa sina pa kurudi, basi nilikwenda mbele, nikavunja zaidi."

Siku zilizofuata tulikandika upya. Majirani walikuja tena, pungufu kidogo, na mimi sikupanda juu ya debe. Nilikuwa ndani, Mika nje, tunabandika udongo mahali pamoja, na tulizungumza habari za Raheli tangu asubuhi hadi jioni: anapenda nini siku hizi, mguu unamuuma wakati wa baridi, bado anacheka akiona mbuzi. Mika aliuliza kila kitu. Alikuwa na maswali ya mwaka mzima.

Stesheni, siku ya kurudi, alinibebea kikapu. Hakunipa ujumbe wowote. "Sema ulichokiona," alisema tu, na gari likaondoka.

Kuanzia Pugu kwenda mbele nilikuwa nikijaribu maneno. Shetani wangu ni mpole, hunijia kwa huruma. Aliniambia: sema habari za uji, sema habari za Kinondoni, ukuta uache, mama atafurahi na dada atapata nyumba. Nilivutwa sana. Mimi fundi nguo nilikuwa nimezoea kudhani kwamba neema ni kama suti mpya, mtu anavua ya zamani, anaitupa, yamekwisha. Sasa nilikuwa nimeona kitu kingine, mtu aliyevunja na kurudi, na sikujua nitakielezaje bila kuiharibu furaha ya mama. Morogoro nilinunua ndizi nikasahau kuzila. Nilipofika Kilosa nilikuwa nimeamua kusema yote, kwa kuwa mguu si wangu.

Nyumbani walikaa uani kunisikiliza, baba mkubwa kwenye kiti chake, mama na Raheli kwenye mkeka. Nilianza mwanzo nikaenda hadi mwisho. Nilipofika kwenye jembe, mama alifunga macho.

"Basi," alisema baba mkubwa. "Hajabadilika."

 Raheli alikuwa ameshika magoti yake, ananitazama mimi.

"Kaka, nataka neno moja tu. Alipowaomba watu radhi, ulikuwa umeshamwambia kwamba ni utani, au bado?"

Sikuwa nimelifikiria swali hilo, wala pale Temeke wala njia nzima. Nililitafuta jibu kichwani, nikalipata.

"Bado," nilisema. "Alijua amekupoteza. Aliomba radhi akijua hapati kitu."

Raheli aliyaachia magoti yake. 

"Mwiteni," alisema. "Asitume mtu, aje mwenyewe. Akae hapa kwetu msimu wa kulima, nimwone, kisha nitaamua nakwenda lini."

"Mwanangu, hasira bado anayo," alisema baba mkubwa, kwa upole safari hii.

"Najua, baba. Kaka angeniambia hana, nisingemwita, ningejua wamedanganyana huko. Mimi sikuolewa na malaika."

Aliyejifunza hasa ni mimi. Nilikuwa nikidhani Mungu akimshika mtu, humwondolea kosa lake kabisa, na kwa kuwa mimi langu sijaondolewa, nilikaa benchi la nyuma nikiamini hajanishika. Jumapili iliyofuata nilikaa mbele. Mama alidhani nimekosea njia.

Mika alikuja kabla ya mvua za kwanza. Alipanda mlima peke yake, akafika kwetu amejaa vumbi, mzigo kichwani, akasimama pembeni mwa ua asijue aanze na nani. Baba mkubwa alimtazama.  Raheli alitoka ndani, akamwendea bila haraka, akasimama mbele yake, wakatazamana. Kisha akanyoosha mikono, akampokea mzigo.